Kijidudu Si Mjusi wa Tendaguru

Kila wiki ambayo boom limechelewa na watu hawana pa kwenda, mjadala wa mjusi hurudi vimbwetani. Namsema mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa Lindi ambaye mifupa yake Wajerumani waliichimba kati ya 1909 na 1913, wakawabebesha watu wetu hadi pwani, na leo amesimama kwenye makumbusho ya Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Mmoja atasema arudishwe kesho. Wa pili atauliza akirudi atawekwa wapi, na nani atalipa umeme. Wa tatu, mara nyingi mtu wa sheria, atataka kwanza tugawane mapato ya tiketi. Nimeusikia mjadala huo mpaka najua nani ataongea baada ya nani.

Nasoma maikrobaiolojia, mwaka wa tatu, na leo naomba niongeze hoja kwenye kimbweta hicho hicho. Kuna viumbe wengine kutoka pande zetu wanaoishi Ujerumani. Hawaonekani kwa macho, hakuna mtoto wa shule anayepiga nao picha, na sijawahi kumsikia mbunge akiwaulizia. Wako kwenye vichupa vya kioo katika mji wa Braunschweig, kwenye hazina ya vijidudu iitwayo DSMZ, kila kimoja na namba yake. Na mmoja wao ana jina la Kiswahili.

Magadi unayajua hata kama hujawahi kufika ziwani. Ni yale mawe ya kijivu anayotia mama ntilie kwenye makande ili mahindi yasimchoshe kuni, na anayotia bibi kwenye mlenda. Yanatoka mahali kama Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, na jirani yake Ziwa Natron, ambalo ni la kwetu. Maziwa haya mawili yako kwenye Bonde la Ufa, hayana mto unaotoka, yanapokea maji ya chemchemi za moto zenye soda, na jua linafanya kazi iliyobaki. Maji yanapaa, soda na chumvi vinabaki. Kipimo cha pH kinaweza kuzidi 10, maana yake maji yanateleza vidoleni kama sabuni. Na kuna majira maji hayo yanageuka mekundu. Wekundu huo ni uhai.

Chumvi ya bahari ya hapa Kigamboni ni kama asilimia 3.5. Viumbe ninavyovizungumzia hustawi kwenye chumvi ya asilimia 20 na zaidi, na vingi ukivitia kwenye maji ya kunywa hupasuka hapo hapo. Tulifanyiwa onyesho hilo maabara: koloni jekundu likadondoshwa kwenye maji yaliyochujwa, na ndani ya muda mfupi kikombe kikawa na ute kama wa bamia. Ule ute ulikuwa DNA yao iliyomwagika. Vinaitwa arkea. Kwa miaka mingi viliwekwa kapu moja na bakteria, na ndiyo maana jenasi kongwe ya kundi hili inaitwa Halobacterium mpaka leo ingawa si bakteria. Carl Woese na George Fox walipotenganisha makapu mwaka 1977, haukupita muda mrefu ikaonekana kwamba wapenda chumvi hawa ni wa kapu jipya. Jina likabaki. Kwenye fani hii jina lililosajiliwa kihalali huwa gumu kung'oka, na hilo ndilo linalonifanya niandike.

Mwaka 1984 watafiti watatu, Tindall, Ross na Grant, walichapisha maelezo ya jenasi mbili mpya, Natronobacterium na Natronococcus. Ndani yake mlikuwa na spishi tatu zilizotolewa Ziwa Magadi. Moja ikaitwa gregoryi, kwa heshima ya J. W. Gregory, mwanajiolojia aliyelichunguza Bonde la Ufa zama za wakoloni. Ya pili ikaitwa occultus, yaani iliyofichika. Ya tatu ikaitwa magadii. Hilo ni neno letu la jikoni, lililovalishwa kanzu ya Kilatini, lenye maana ya "wa Magadi". Mwaka 1993 W. E. Mwatha, jina ambalo msomaji wa Kenya atalitambua bila kuambiwa linatoka wapi, pamoja na Grant yule yule, wakaongeza spishi nyingine ya ziwa hilo, yenye vifuko vya gesi vinavyoisaidia kuelea. Mwaka 2001 ikaja zamu ya Natron: kundi lililoongozwa na Yakimov likaeleza bakteria mpya kutoka kwenye tope la ziwa letu, wakaiita Alcalilimnicola halodurans. Jaribu kulitamka hilo huku unatafuna chapati.

Majina mengine yamehama tangu hapo. Mwaka 1997 Kamekura na wenzake walilinganisha jeni upya wakaona Natronobacterium ilikuwa nyumba iliyojaa wapangaji wasiohusiana. Yule magadii akahamishiwa jenasi ya Natrialba, na spishi ya Mwatha ikapelekwa Halorubrum. Jina la nyumba limebadilika, jina la mtoto halikubadilika. Kila anayemtaja kiumbe huyo popote duniani, iwe Japani au Brazili, analazimika kulitamka neno magadi, hata kama hajui kwamba linawekwa kwenye makande.

Sasa, jina la kijidudu halisimami kwenye karatasi peke yake. Linafungwa kwenye mbegu moja hai, mbegu ya kielelezo. Mtu yeyote akitaka kujua kama alichokipata ni Natronobacterium gregoryi, hukilinganisha na mbegu hiyo, ambayo Braunschweig wanaitunza kwa namba DSM 3393. Natrialba magadii ni DSM 3394. Yule wa Natron naye yuko huko huko. Na tangu Januari 2001 kanuni ya kimataifa ya majina ya prokarioti inasema wazi: huwezi kupitishiwa spishi mpya mpaka mbegu yake ya kielelezo iwe imewekwa, ikiwa hai, kwenye hazina angalau mbili zilizo wazi kwa umma, na hazina hizo ziwe katika nchi mbili tofauti.

Nchi mbili tofauti. Soma tena kabla hatujaendelea.

Mjusi ni mmoja. Akisimama Berlin hasimami Dar es Salaam, na atakayempata mwenzake amemkosa. Ndiyo maana mjadala wake hauishi, na mimi simlaumu anayeudai mpaka sauti inakauka. Kijidudu hugawanyika. Leo ni koloni moja, wiki mbili zijazo umejaza sahani kumi, na zote ni mbegu ile ile. Braunschweig wakibaki na yao, sisi tukabaki na yetu, hakuna aliyepungukiwa. Tena kanuni yenyewe inaomba nchi ya pili, haijataja kwamba lazima iwe Japani au Ubelgiji. Nafasi hiyo iko wazi kila spishi mpya inapoandikwa. Tunachokosa ni friza yenye mtu wa kuiangalia.

Kwa hiyo kila ninaposikia "Wazungu wamebeba vijidudu vyetu", nakubali nusu. Wakenya wanakumbuka kisa cha vimeng'enya vya kutoka maziwa yao ya magadi vilivyoishia kwenye biashara ya sabuni na ya kuchakaza jinzi, mpaka mwaka 2004 shirika lao la wanyamapori likatangaza kwamba litadai haki. Madai ya aina hiyo ni halali. Lakini kudai mgawo wa kitu na kuwa na kitu chenyewe ni mambo mawili. Ukishinda kesi bado ukitaka kukifanyia utafiti utakiagiza kwa posta.

Njoo sasa kwenye maabara zetu. Watu wa idara nyingine wanadhani kuainisha kijidudu kipya ni kukichungulia kwenye hadubini na kukipa jina la mchumba. Kazi inaanza na uvumilivu. Unachukua maji, tuseme kwenye mashamba ya chumvi ya Bagamoyo, unayamwaga kwenye sahani zenye chumvi nyingi kiasi kwamba fuwele zinajitengeneza juu ya agari, unafunga sahani kwenye mfuko wa plastiki zisikauke, unasubiri. Wenzako wa bakteria wa kawaida wanapata makoloni kesho yake asubuhi. Wewe unangoja wiki mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Ndipo vinajitokeza vidoti vyekundu, rangi ya juisi ya rozela.

Halafu unauliza: huyu ni nani? Kipimo cha kwanza ni jeni ya 16S, ambayo viumbe vyote vya namna hii vinayo. Ikifanana na ya spishi inayojulikana chini ya asilimia 98.7 au karibu na hapo, una sababu ya kushtuka kidogo. Lakini wapenda chumvi ni wajanja. Mmoja wao, Haloarcula marismortui wa Bahari ya Chumvi, ana nakala zaidi ya moja za jeni hiyo ndani ya seli moja, na nakala hizo zinatofautiana kwa takriban asilimia 5. Fikiria unampima mtu mmoja kwa vitambulisho vyake viwili unapata watu wawili wa jenasi mbili. Kwa hiyo kwenye kundi hili hutosheki na 16S. Unapima na jeni nyingine, hasa ile inayoandikwa rpoB, kisha unasoma jenomu nzima na kuilinganisha na za jirani. Wastani wa kufanana ukishuka chini ya asilimia 95 au 96, mna spishi mbili. Bado unatakiwa kuonyesha mafuta ya utando wake, maana arkea wanajenga utando kwa mafuta yasiyofanana na yetu wala ya bakteria. Unaonyesha anaanza kukua kwenye chumvi kiasi gani na anaishia wapi, pH ipi, joto lipi, anakula nini, anapasuka kwenye maji ya chumvi kiasi gani. Mwaka 1997 Oren, Ventosa na Grant waliandika orodha ya mambo ya chini kabisa ambayo kila anayetangaza spishi mpya ya kundi hili anapaswa kuyaonyesha. Ni orodha ndefu, lakini ukiitazama vizuri, sehemu kubwa yake ni kazi ya mikono: chumvi, mizani, kipima pH, bafu la maji moto, macho na daftari. Vitu ambavyo tunavyo.

Ndiyo maana kisa kifuatacho kinaniuma. Dada mmoja aliyenitangulia alifanya projekti yake ya mwaka wa mwisho juu ya maji ya chumvi. Alipata makoloni kumi na moja tofauti, akayapa kodi, akafanya vipimo vyote ambavyo vifaa viliruhusu. Viwili kati yao vilisomwa 16S nje ya nchi, na kimoja kilirudi na kufanana kwa chini ya kile kiwango cha asilimia 98.7. Kwenye ripoti aliandika, kwa unyenyekevu wa mtu anayeogopa sapu, kwamba "huenda" ni spishi mpya. Alitetea, akapigiwa makofi, akapata A. Wiki iliyofuata meza ikahitajika kwa kundi lingine na sahani zikaingia kwenye otoklevu pamoja na taka za practical za mwaka wa kwanza. Nyuzi 121, dakika kumi na tano. Ripoti imejalidiwa vizuri, iko maktaba, ina kodi ya kiumbe ambacho hakuna mtu anayeweza kukipata tena isipokuwa kwa bahati.

Simlaumu dada huyo, wala simlaumu fundi wa maabara aliyekuwa anafanya kazi yake. Nalaumu mpangilio unaohesabu ripoti na hauhesabu mbegu. Ukikosea mtindo wa marejeo unakatwa alama. Ukiua kielelezo pekee cha kazi yako yote, hakuna kisanduku cha kuandika hivyo kwenye fomu ya mtahini.

Lekchara mmoja ninayemheshimu sana aliniambia siku moja, "Mdogo wangu, hizo mbegu za nini siku hizi? Soma jenomu, weka kwenye kompyuta, kiumbe kipo milele." Ana hoja. Tangu 2022 kuna kanuni mpya, inaitwa SeqCode, inayoruhusu jina lisimame juu ya jenomu bila mbegu hai, na walioianzisha walikuwa na sababu nzuri: vijidudu vingi duniani hakuna aliyefanikiwa kuviotesha. Kwa wanafunzi wa hapa inavutia zaidi, kwa sababu faili haihitaji jenereta.

Nilimjibu kwa kisa cha kijidudu cha mraba. Mwaka 1980 Walsby alichapisha kwenye jarida la Nature kiumbe alichokiona kwenye bwawa la chumvi la Sinai, chembamba, kimenyooka kingo kama kipande cha vigae. Kila mtu alikiona kwenye hadubini. Hakuna aliyeweza kukiotesha. Ilipofika 2004 makundi mawili, moja la Uholanzi na moja la Australia, yakakiotesha kila moja kivyake, na mwaka 2007 kikapewa jina, Haloquadratum walsbyi. Kwa miaka ishirini na nne dunia ilikuwa na picha ya kiumbe bila kiumbe mkononi. Wakati huo usingeweza kukiuliza lolote: unakula nini, unavumilia magnesi kiasi gani, unakaaje mraba. Faili ya jenomu ni picha nzuri sana ya aina hiyo. Na tuambizane ukweli, mashine nyingi za kuzisoma, na kompyuta za kuzichambua, ziko kule kule tunakolalamikia. Tukikubali kwamba faili inatosha, tutakuwa tumesafirisha hata ile sehemu ya kazi ambayo mikono yetu inaiweza.

Kuna mwingine atasema: haya ni mambo ya vidudu vya chumvi, hosteli haina maji, wewe unaongelea friza. Sawa. Lakini angalia kilichotokea kwa yule gregoryi. Mei 2016 watafiti wa China walitangaza kwenye Nature Biotechnology kwamba protini moja ya Natronobacterium gregoryi inaweza kukata na kuhariri jeni za binadamu, mpinzani wa CRISPR. Maabara za dunia nzima zikakimbilia. Zikashindwa kupata matokeo yale. Agosti 2017 waandishi wenyewe wakaiondoa makala yao. Kwa zaidi ya mwaka mmoja kiumbe wa Ziwa Magadi, ambalo ukisimama upande wetu wa mpaka siyo mbali, alikuwa kwenye midomo ya wanabaiolojia wa kila bara. Kwenye madesa yangu ya mihula yote hadi sasa hajatajwa hata kwa mstari mmoja. Nilimjua kupitia kaka wa duka la photocopy aliyekuwa anasoma habari za China kwenye simu. Dunia ilipomhitaji ilijua pa kumwagiza, kwa sababu miaka zaidi ya thelathini nyuma mtu alimwekea namba na kumfungia kwenye kichupa.

Na lipo jambo la karibu zaidi. Mpango wa kujenga kiwanda cha magadi Ziwa Natron ulipozua mvutano miaka ya 2006 na 2007, waliotetea ziwa walisimama na heroe, wale ndege tunaowaita flamingo. Walikuwa na haki. Natron ndipo heroe wadogo wengi wa Afrika Mashariki wanapozaliana, na ziwa liko kwenye orodha ya Ramsar tangu 2001. Ndege ana jina, ana idadi, ana picha. Vijidudu vinavyolitia ziwa rangi vilikuwa na nini cha kusimama nacho mbele ya kamati? Huwezi kutetea wala kupanga bei ya kitu ambacho kwenye jedwali kimeandikwa "isoleti namba 7".

Sheria nayo ina mtego wake, na hapa natofautiana na marafiki zangu wa kitivo cha sheria. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa 2010 na kuanza kutumika Oktoba 2014, inatupa haki juu ya rasilimali za kijenetiki zilizo kwetu, na Kenya na Tanzania zote zimejiunga. Wao wanataka tuitumie kama kufuli: isitoke hata tone. Lakini kanuni ya majina inataka mbegu ya kielelezo ipatikane kwa kila mtafiti bila kizuizi. Ukifunga kabisa, kiumbe chako hakipati jina halali. Mwenzako atakikuta upande wa pili wa mpaka, maana maji ya Bonde la Ufa hayasomi ramani, atakipa jina yeye. Kwa maoni yangu ruhusa ya kutoa mbegu itolewe, iandikwe vizuri, na iwe na sharti moja lisilojadiliwa: hakuna mbegu inayovuka mpaka kabla pacha wake hajalala kwenye friza ya hapa, na friza hiyo iwe wazi kwa wote kama kanuni inavyotaka. Nagoya inatupa nguvu ya kudai hilo. Haituletei friza.

Najua kinachofuata: hela. Hazina kubwa ya vijidudu ni ghali, ina nitrojeni ya kimiminika, ina wataalamu, na umeme wetu tunaujua tabia. Ila nchi yenye umeme wa kusuasua ikitaka kuanza hazina, inafaa ianze na hawa hawa wa chumvi. Viumbe wanaoishi kwenye maji yanayokauka kila mwaka wamezoea kukaukiwa. Chumvi inapoganda inafungia matone madogo ya maji ndani ya fuwele, na arkea hubaki hai humo kwa muda mrefu. Kuna waliodai mwaka 2000 kwamba wameamsha bakteria kutoka kwenye chumvi ya miaka milioni 250. Hilo bado linabishaniwa na mimi siliingii. Lakini miaka michache haina ubishi mkubwa. Fuwele kwenye chupa kavu, kabatini, ni akiba ya siku friza itakapozimika wikiendi na mlinzi hana ufunguo. Haichukui nafasi ya friza. Inakupa usingizi.

Kwa hiyo ninayoomba ni machache na serikali ya wanafunzi inaweza kuyabeba kwenye kikao kijacho cha seneti. Fomu ya kukabidhi projekti za maabara iwe na mstari mmoja: mbegu zako ziko wapi. Idara itoe droo moja ya friza na daftari moja, awepo fundi anayelipwa kwa saa chache kwa wiki kuziangalia. Na kozi ya uainishaji, ambayo sasa ni mihadhara miwili inayosomwa usiku wa kuamkia UE, iwe na practical ya kweli ambapo kila kundi linachukua kiumbe kimoja kisichojulikana na kukifuata mpaka mwisho wa ile orodha ya 1997. Hata kama kitatokea kuwa spishi ya zamani. Mara nyingi kitakuwa.

Watu wa mwaka wa mwisho mnaotetea mwezi huu, kabla sahani hazijaitwa otoklevu: chota koloni moja, litie kwenye kichupa cha mchuzi wa chumvi uliochanganywa na gliseroli, andika mahali, tarehe, chumvi, pH na jina lako. Andika kwa penseli, wino wa kalamu unafutika kwenye baridi. Droo ya chini ya friza ya idara ilikuwa imejaa barafu tupu. Tuliigandua Jumamosi, na tumeruhusiwa kuitumia hadi mwisho wa muhula. Kufikia jana ina vichupa tisa.